Wamama, sindano na jina: historia ya kushona pamoja

UVIRA. Siku ya kwanza nilifika na kinasa sauti mkononi. Nilifikiri nitachukua maneno ya dakika tatu, kiisha nirudi studio kabla ya habari za saa sita. Mama mwalimu aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema: “Dada wa radio, hapa hakuna mtu wa kuangalia tu. Keti, ushike sindano.”

Nikaketi. Nilibaki siku tano.

Wasomaji na wasikilizaji wetu wapenzi, nataka kuwaelezea hizo siku tano. Nataka pia kuwaelezea historia iliyo nyuma yake, juu nilipotoka pale nilianza kusoma na kuuliza, nikaona kwamba wamama kuketi pamoja na kushona si jambo la jana. Na katika historia hiyo kuna swali moja ambalo linarudi kila mara. Mama mmoja wa kutoka bonde la Ruzizi ndiye aliyeliuliza siku ya tatu, na mpaka leo halijanitoka kichwani.

Tulikuwa wamama kama thelathini katika sala moja ya parokia. Wengine walikimbia vita, wakashuka kutoka milimani ama wakatoka bondeni na watoto mgongoni. Wengine ni wenyeji wa mji wetu ambao nyumba zao zilibebwa na maji ya mto Mulongwe katika mafuriko ya Aprili 2020. Mmoja wao aliniambia kwamba mashini yake ya kushona ilienda na maji ikiwa na libaya ya mteja chini ya sindano. Alimlipa yule mteja kidogo kidogo kwa miezi mingi. Mashini yenyewe haikuonekana tena.

Palikuwa na mashini tatu za kukanyaga kwa mguu, lakini kazi kubwa ilikuwa ya mkono: broderi, yaani kutarizi. Kila mmoja alipewa kipande cha kitambaa cheupe cha mraba, sindano, na nyuzi za rangi nne. Asubuhi tulifundishwa: namna ya kubana kitambaa kisijikunje, namna ya kurudisha sindano nyuma ili mshono usifunguke, namna ya kufanya mshono unaofuatana sawa mnyororo. Saa sita tulikula bugali, sombe na ndakala. Mchana kila mtu alifanya kazi yake, na hapo ndipo maneno yalipoanza kutoka. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka. Nimefanya radio kwa miaka mingi, nimeuliza watu maswali mengi, lakini mambo niliyosikia pale sijawahi kuyapata kwa mikro.

Siku ya tatu alikuja mgeni kutoka kwa wale waliotoa vitambaa na nyuzi. Alikuwa mtu wa heshima, alisifu kazi yetu, akapiga picha. Kiisha akaeleza kwamba vile vitambaa vitakusanywa, vitashonwa pamoja, na vitapelekwa mbali kuonyeshwa kwa watu. Wamama walipiga makofi. Ndipo yule mama wa Ruzizi aliyeketi pembeni yangu aliponyoosha mkono. “Tunashukuru,” alisema. “Lakini huko mbali, majina yetu yatakuwa wapi?”

Mgeni alicheka kidogo, akasema wataandika kwamba ni kazi ya wamama wa Uvira. Mama akaketi, wala hakusema kitu kingine.

Kule Kasai, kitambaa kilikuwa mali na heshima

Tuanze na nchi yetu wenyewe. Kule Kasai, kati ya mito ya Kasai na Sankuru, kuna ufalme wa Wakuba. Watu wake wanajulikana ulimwenguni kwa kazi ya nyuzi. Wanapata nyuzi kutoka majani ya mti wa rafia, ambao ni wa jamii ya mitende. Wanaume ndio wanaofuma kitambaa cha kwanza. Kikitoka kwenye mtambo kinakuwa kigumu, kwa hiyo kinatwangwa ndani ya kinu mpaka kinalainika. Kiisha wamama wanakichukua.

Kazi ya mama wa Kikuba ni ya subira. Anapitisha uzi wa rafia kwa sindano chini ya nyuzi za kitambaa, anauvuta mpaka inabaki ncha fupi, anaukata kwa kisu kidogo, anarudia upande wa pili. Hafungi fundo, uzi unashikwa na ule mbano wa kitambaa tu. Akirudia hivyo mara nyingi sana, juu ya kitambaa kunakuwa na manyoya mafupi laini, na ndiyo maana Wazungu walikiita velure ya Kasai. Hachori kwanza kwa kalamu: zile pembe na mistari inayopishana iko kichwani mwake, kama alivyoiona kwa mama yake na bibi yake. Kipande kimoja kinaweza kumaliza miezi. Sketi ndefu ya sherehe, ambayo ina metre nyingi na inazungushwa kiunoni mara kadhaa, ilikuwa kazi ya watu wengi wa ukoo mmoja, kila mmoja akifanya sehemu yake.

Hivyo vitambaa havikuwa mapambo tu. Vipande vya rafia vilitumika kama feza. Vilitolewa kwa mahari, vililipwa kama kodi kwa mfalme, vilimaliza kesi. Na mtu akifa, alivikwa vitambaa vya ukoo wake na kuzikwa navyo. Wakuba walisema kwamba bila hivyo, mababu hawatamtambua kule anakoenda. Tushike neno hilo, kutambuliwa. Kitambaa ndicho kilichosema huyu ni nani na ni wa nani.

Mwaka 1892 alifika kwa Wakuba mchungaji mmoja mweusi wa Marekani, William Henry Sheppard. Alipenda kazi yao, akakusanya vitambaa na vitu vingine, na leo vingi viko Hampton, jimbo la Virginia, kwenye shule ambako yeye mwenyewe alisoma. Ni yeye pia aliyepiga kelele juu ya mateso ya mpira wakati wa Leopold wa pili, mpaka akashitakiwa, na mwaka 1909 akashinda kesi yake kule Léopoldville. Katika miaka ile ile, Emil Torday alipita Kasai akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya London. Baadaye mchoraji mkubwa wa Ufaransa, Henri Matisse, alitundika vitambaa vya Wakuba kwenye ukuta wa chumba chake cha kazi.

Basi, jina la Sheppard tunalijua, la Torday tunalijua, la Matisse linajulikana ulimwengu mzima. Lakini ukiangalia karatasi zinazowekwa pembeni ya vitambaa hivyo kwenye makumbusho, mara nyingi utasoma jina la aliyekusanya, jina la kabila, na mwaka. Jina la mama aliyekaa miezi na sindano halipo. Kitambaa kilichofanywa ili mtu atambuliwe na mababu zake kimefika Ulaya, na mama aliyekifanya hatambuliwi.

Foaye sosiali: sindano badala ya kalamu

Sasa turudi karibu na kwetu. Wazee wa Uvira wanaujua mji wa Usumbura, ambao leo tunauita Bujumbura. Ukisimama Kavimvira usiku, unaona taa zake ng'ambo ya ziwa. Wakati wa Wabelgiji, Usumbura ulikuwa mji mkuu wa Ruanda-Urundi, na mwaka 1946 pale pale palifunguliwa foaye sosiali, nyumba ya kufundishia wanawake. Foaye kama hizo zilikuwa pia katika miji ya Congo Belge.

Ndani ya foaye mwanamke alifundishwa kushona, kupachika viraka, kupiga pasi, kupika, na kuosha mtoto. Wanawake wa Kizungu waliofundisha walienda pia kutembelea nyumba, kuangalia kama mapazia yametundikwa na sahani zimepangwa vizuri. Palikuwa na mashindano na zawadi kwa nyumba iliyopendeza. Shabaha ilijulikana wazi. Serikali ya Wabelgiji ilitaka karani, mwalimu na muuguzi mweusi, wale walioitwa evoluwe, wawe na wake waliofanana na wake wa Ubelgiji.

Siwezi kusema kwamba yote yalikuwa mabaya. Bibi yangu mwenyewe alijifunza kushona kwa masista, na kwa ile sindano alisomesha watoto wawili. Alisema kwamba siku za kushona zilikuwa siku zake za kupumua, kwa sababu aliketi na wenzake bila mume na bila mama mkwe. Wamama waliingia na shabaha ya serikali, wakatoka na shabaha zao wenyewe: rafiki, habari, na ufundi wa kupata franga.

Lakini tuseme pia upande mwingine. Mwaka 1948 serikali ilipopanga upya mashule ya Congo, wavulana walifunguliwa njia ya sekondari ya kweli. Wasichana wengi waliendelea kuelekezwa kwenye mashule ya kazi za nyumbani. Mvulana alipewa kalamu, msichana akapewa sindano. Ndiyo maana tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 hatukuwa na mwanamke hata mmoja aliyemaliza chuo kikuu. Ilikuwa sherti tungoje mpaka mwaka 1966 kumwona Sophie Kanza akiingia serikalini kama waziri wa kwanza mwanamke wa nchi yetu.

Kosa halikuwa sindano. Kosa lilikuwa kwamba ilitolewa mahali pa kalamu, wakati ingeweza kutolewa pamoja nayo. Mama alifundishwa kupamba kitambaa cha meza kwa maua ya Ubelgiji, wala hakufundishwa kuandika jina lake pembeni ya yale maua.

Baadaye, miaka ya 1970, wakati wa Zaire, Mobutu alikataza wanawake suruali na mawigi. Sherti wavae vikwembe. Amri ilitoka juu, lakini waliopata kazi nayo walikuwa washonaji wa mitaa. Libaya na vikwembe viwili vikawa vazi la heshima kwa ndoa, kwa matanga na kwa misa. Mpaka leo, msichana wa mji wetu akikosa njia nyingine, wazazi wanampeleka kujifunza kukata na kushona. Tumeirithi foaye, tukaigeuza kuwa yetu.

Changi: jina kwenye kila mraba

Nikiwa natafuta habari hizi nilikuta nyingine ya mbali sana, lakini inatuhusu, hasa sisi tuliotengana na watu wetu kwa vita.

Tarehe 15 Februari 1942, wakati wa vita vya pili vya ulimwengu, jeshi la Japani liliteka Singapore. Raia wa Uingereza na wa nchi nyingine walifungwa katika gereza la Changi. Wanawake na watoto waliwekwa upande wao, wanaume upande wao. Askari waliotekwa walikuwa katika kambi nyingine. Mke hakujua kama mume ni mzima, mume hakujua kama mke na watoto wamepona. Barua zilikatazwa.

Mwanamke mmoja wa Kanada, Ethel Mulvany, alipata wazo. Kila mwanamke aliyetaka alipewa kipande cha kitambaa cha mraba, akaombwa kutarizi jina lake na kitu kingine kinachomhusu. Mmoja alishona maua ya nyumbani kwao, mwingine ramani, mwingine chumba cha gereza, mwingine maneno mafupi ya kutia moyo. Vipande hivyo vilishonwa pamoja vikawa mablanketi matatu, kila moja likiwa na vipande 66. Waliomba ruhusa mablanketi yapelekwe hospitalini kwa askari wagonjwa. Moja walilifanya kwa ajili ya majeruhi wa Japani, ili walinzi wasikatae yale mengine.

Ruhusa ikatoka. Mablanketi yalipofika upande wa wanaume, watu walisoma majina. Mtu alipoona jina la mke wake limeandikwa kwa uzi, alijua kwamba mikono yake ilikuwa na nguvu ya kushika sindano. Alikuwa hai. Walinzi waliona blanketi la mgonjwa tu, kumbe ndiyo barua yenyewe.

Mablanketi hayo yako mpaka leo. Mawili yanatunzwa Canberra, Australia, kwenye nyumba ya kumbukumbu ya vita, na moja linatunzwa na Msalaba Mwekundu wa Uingereza. Wanawake wale walikuwa wafungwa, wenye njaa, bila mali yoyote. Hata hivyo, miaka zaidi ya 80 imepita na tunaweza kuwasoma mmoja mmoja. Wamama wa Kasai, ambao ufundi wao ulikuwa mkubwa kuliko ule, hatuwezi. Ujuzi si ndio uliowatofautisha. Wa Changi waliombwa kuandika majina yao, wa Kasai hakuna aliyeuliza.

Siku ya tano

Nirudi sasa katika ile sala ya parokia. Usiku wa siku ya tatu niliwaza sana lile swali la mama wa Ruzizi. Asubuhi ya siku ya nne nilimkuta ameketi mahali pake, kitambaa juu ya magoti. Alikuwa ameshafanya mti wa mwembe, na ulipendeza. Aliniita kwa sauti ndogo.

“Dada wa radio, wewe unajua kuandika. Nichoree jina langu hapa chini kwa kreyo, mimi nitapita juu yake na uzi.”

Nikamwuliza: “Niandike Mama nani?”

Hapo kwetu mwanamke akishazaa, jina la mtoto ndilo jina lake. Ni heshima, sisi wote tunafanya hivyo. Lakini alitikisa kichwa. “Hapana, mwanangu. Uandike lile ambalo baba yangu alinipa.”

Akanitajia. Nikaandika polepole, herufi moja moja, naye akiangalia kila moja kama mtu anayeonyeshwa njia ya kurudi nyumbani. Aliifanya ile kazi siku mbili. Herufi ya tatu aliifungua mara mbili akaianza upya, kwa sababu ilipinda. Kiisha, chini ya jina lake, aliniomba niandike jingine, fupi. Sikuuliza, akasema mwenyewe: ni la kijana wake. Walipotezana siku ya kukimbia, wakati risasi zilipolia na watu wakatawanyika barabarani. “Kama hiki kitambaa kinaenda mbali,” alisema, “basi kiende na jina lake. Pengine macho ya mtu yatalipata.”

Sisi wa radio tunaijua hiyo kazi. Tunasoma majina ya watoto waliopotezana na wazazi, tunarudia asubuhi na jioni, na kuna siku mtu anakuja mbio kusema: huyo ni wangu. Yule mama alifanya hivyo kwa uzi.

Wenzake walipoona, kila mmoja alitaka jina lake. Tulikuwa wanne tuliojua kuandika vizuri, tukagawana vitambaa. Mama mwalimu aliacha somo alilopanga. Siku ya tano, mgeni aliporudi kuchukua kazi, alikuta majina kama thelathini, mengine yamenyooka, mengine yanapanda kilima. Mama mmoja mzee alisimama kwa niaba ya wote. Aliongea kwa adabu, lakini hakuzunguka: vitambaa vinaweza kwenda, vikionyeshwa sherti majina yasikatwe wala kufunikwa, na kama vitauzwa, sherti wenye kazi waulizwe kwanza na wapate haki yao. Mgeni aliandika yote katika kaye yake, akatia saini, na nakala moja ikabaki kwa mama mwalimu. Sisi tutafuatilia, na tutawaambia.

Nawaachia neno moja, hasa ninyi wamama mlio kambini, mlio katika familia zilizowapokea, na mlio ng'ambo ya mpaka. Watu watakuja na nyuzi na mashini, na ni vizuri waje. Jifunzeni. Ufundi haubebwi na maji, wala mtu mwenye bunduki hawezi kukunyang'anya barabarani. Lakini kabla ya kazi yako kutoka mkononi mwako, weka jina lako pembeni. Kama hujui kuandika, mwombe mtoto wako wa shule akuchoree kwa kreyo, na ukiweza umwombe pia akufundishe herufi zenyewe.

Jina la yule mama sitaliandika hapa, kwa ajili ya usalama wake. Yeye mwenyewe ameshaliandika pale alipotaka lionekane.